Kijiji chenye magurudumu

Kila nikisema niliwahi kwenda Marekani, watu wanataka picha za maghorofa. Sina. Nilikwenda Juni 2023, likizo ya siku ishirini na moja, na siku ninazozikumbuka vizuri ni nne nilizolala ndani ya trela, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo magharibi mwa jimbo la Ohio, katikati ya mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho. Kama umewahi kupita viwanja vya Nanenane pale Morogoro siku isiyo ya maonyesho, nyasi na mabanda matupu, basi umeshafika nilikokuwa.

Habari hii imekaa muda mrefu kwa sababu dada yangu hakutaka niiandike. "Nyie waandishi mtu hawezi hata kupumua mbele yenu," ndivyo alivyoniambia. Wiki iliyopita ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Haya, hakuna jina.

Kwanza trela lenyewe, maana huku kwetu ukisikia trela unaona kontena, na utingo amelala juu ya turubai. Trela ninalolisema ni nyumba. Nyumba ndogo ya magurudumu manne inayovutwa na pikapu: kitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu la kusimama mtu mmoja asiye mnene, na meza ambayo usiku inashushwa inakuwa kitanda cha mgeni. Mgeni ni mimi. Wenye matrela ya namna hii hupanga tarehe mara moja au mbili kwa mwaka, wakakutana mahali pamoja kwa siku kadhaa, familia thelathini, mia, wakati mwingine mia kadhaa. Wenyewe wanaita rali. Msifikirie Safari Rally. Hakuna mbio zozote, na anayekwenda kasi kuliko wote ni mtoto mwenye baiskeli.

Sasa dada na shemeji waliingiaje huko? Dada anaishi Columbus, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Shemeji anaendesha lori. Hata hapa nyumbani alikuwa dereva, Dar hadi Tunduma, na ukimpa nafasi atakueleza jinsi ya kushuka Kitonga na mzigo mpaka uombe kwenda kulala. Mwaka 2022 dada alipangiwa kumhudumia bibi mmoja mjane, umri miaka 84, miguu haina nguvu lakini mdomo mzima. Nyuma ya nyumba ya bibi yule lilikuwepo trela jeupe lenye mstari wa kahawia, na kibandiko cha jogoo kwenye dirisha la nyuma. Lilikuwa halijatoka tangu mumewe alipofariki. Kila Ijumaa bibi alimtuma dada akalifungue madirisha lipate hewa, yeye akimwelekeza kwa sauti kutoka jikoni. Na dada akirudi ndani anasimuliwa habari za rali ya Juni. Nani anapika nini. Nani anakoroma mpaka trela la jirani linatikisika. Nani hakusalimiana na nani mwaka mzima kwa sababu ya mbwa. Miaka kumi na tisa bibi na mumewe hawakukosa hata mwaka mmoja.

Bibi alifariki Januari 2023. Mazishi yalichukua dakika arobaini na watu kumi na moja, dada akiwa mmoja wao. Watoto wake wawili, wanaoishi majimbo ya mbali, walikaa siku tatu kuuza vitu. Kanuni za kazi ya dada haziruhusu kupokea zawadi kutoka kwa mgonjwa, hata soksi, kwa hiyo bibi asingeweza kumwachia kitu. Ila baada ya msiba wale watoto walimwuliza kama angependa kununua lile trela. Bei ilikuwa ya kutupa. Shemeji alipoambiwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wiki nzima navuta trela. Sasa na likizo nivute trela?"

Walilinunua. Shemeji alibadilisha matairi yote, akapaka grisi beringi, akaziba paa lililokuwa linavuja. Na ndani ya kabati ya jikoni, nyuma ya vikombe, dada akakuta kikaratasi: jina la viwanja, wikiendi ya tatu ya Juni, unalipa getini, njoo na kiti chako. Namba ya simu haikuwepo.

Tulifika Alhamisi saa nane mchana, jua la Ohio likiwaka kama la Dodoma. Mimi nilikuwa nyuma na wapwa zangu wawili. Kabla hatujalivuka geti vizuri nikamwona mzee mmoja mwenye kofia akiinuka kwenye kiti chake na kunyoosha mikono yote miwili juu. Kisha mama mmoja akaanza kukimbia, ndala zinampiga visigino. Kisha wengine. Jamani, walikuwa wamelitambua trela! Mstari wa kahawia na yule jogoo. Walikuja mpaka dirishani kwa shemeji wakiwa na tabasamu ambalo lilikuwa limeshaandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Shemeji akashusha kioo.

Niwaambie kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekiona asubuhi ile tukitoka Columbus. Hati ya umiliki wa trela dada hakuiweka kwenye gari pamoja na karatasi nyingine. Aliiweka kwenye mkoba wake, juu kabisa, juu ya simu na funguo. Sikumwuliza kwa nini. Familia ya watu weusi inavuta trela la bibi wa Kizungu ambaye haonekani, inaingia kwenye uwanja wa watu waliomfahamu miaka kumi na tisa. Ungekuwa wewe ungeiweka wapi?

Dada hakuitoa. Alishuka, akazunguka mbele ya pikapu, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Alifariki mwezi wa kwanza. Pole sana."

Yule mama wa ndala hakusema kitu. Alienda akaweka kiganja chake kwenye bati la trela, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakaa hivyo. Kisha akageuka akauliza, "Alikuwa na nani?"

"Na mimi," dada akajibu. "Usiku ule nilikuwa zamu."

Basi. Hakuna aliyeuliza hati.

Wakatuonyesha nafasi. Chini ya mwaloni, katikati ya matrela mawili, palikuwa wazi. Ndipo alipokuwa akiegesha bibi na mumewe. Walikuwa hawajaja miaka kadhaa, na hakuna aliyekuwa amepachukua. Tatizo ni kwamba pale ni lazima uingie kwa rivasi.

Hapa inabidi nieleze, maana rivasi ndiyo sinema ya rali. Ukitaka trela lielekee kushoto unakata usukani kulia, na ukichelewa kidogo linajikunja kama kisu. Madereva wa huku wana utingo wa kuwaongoza, "leta leta leta, kata yote, simama!" Kule utingo ni mke, na huwa anaashiria kwa mikono nyuma kabisa, mahali ambapo kioo cha pembeni hakimwoni. Ndoa nyingi hupimwa hapo. Watu wa rali wanajua, kwa hiyo kila trela linapoanza kurudi nyuma viti vinageuzwa, mtu anafungua soda, na watoto wanasimamisha baiskeli. Hawacheki kwa ubaya. Kila mmoja wao ameshawahi kugonga mti.

Shemeji kila siku anaingiza trela la futi 53 kwenye maghala, nafasi ya kupitisha mkono tu kila upande. Hiki cha futi 22 kwake ni kibiriti. Akatazama vioo mara moja, akarudi, akakata, akanyoosha, akazima injini. Hakurudia hata mara moja. Pakawa kimya, kisha wakapiga makofi. Kufikia saa kumi na mbili jioni alikuwa ameegesha matrela sita ya watu. Yule mzee wa kofia, ambaye baadaye tuliambiwa macho yake yamechoka na kila mwaka hugombana na mkewe mpaka majirani wanaingilia, alimkabidhi funguo za pikapu yake bila kusema neno, akaenda kukaa kivulini.

Kazi nyingine zikafuata na kila moja ilikuja na mtu wake. Kuna kuweka kabari kwenye magurudumu. Kuna kusawazisha trela kwa vipande vya mbao, na mtu anakuja na pima maji kama fundi mwashi, kwa sababu friji za gesi hazitaki kukaa upande. Kuna umeme: unachomeka kwenye nguzo ya amp 30, na ukiwasha kiyoyozi na maikrowevu kwa wakati mmoja swichi inaruka. (Nikawaambia kwetu tuna uzoefu wa umeme kuruka hata bila kuwasha kitu. Hawakuelewa, wakacheka kwa heshima.) Kuni tulizotoka nazo Columbus tuliambiwa tusizitumie, kuna mdudu mla miti aina ya mwivu aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na ameua mamilioni ya miti akisafiri ndani ya kuni za watu kama sisi, kwa hiyo kila mtu anachoma kuni za palepale. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumeletewa mzigo wa jirani.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu wale walilijua trela la dada kuliko dada. Mguu wa nyuma wa kushoto haushuki? "Upige teke. La kwanza halifai kitu, ni la pili." Pampu ya maji haiwaki? Swichi yake iko nyuma ya droo ya vijiko, mume wa bibi aliihamishia huko mwaka ambao mjukuu alikuwa anaichezea. Dirisha la juu ya kitanda usilifungue lote, litabaki mkononi. Yalikuwa maelezo ya nyumba ya marafiki.

Mambo haya ya kukusanyika na matrela yana historia ndefu kidogo, na niliianza kuijua Ijumaa asubuhi. Mzee wa kofia aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri, akasema, "Matrela yamewahi kupita karibu na kwenu." Nikajua ananitania. Kumbe hapana. Nilirudi nikasoma. Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream inayotengeneza yale matrela ya bati linalong'aa kama sufuria mpya, alizaliwa Oregon mwaka 1896, na kampuni yake ilianza mwaka 1931. Bwana huyu hakuridhika kuuza, alitaka kusafiri na wateja wake. Mwaka 1951 aliongoza msafara kwenda Amerika ya Kati, na wateja wakapenda. Mwaka 1955 wakaunda klabu yao huko Kentville, Kanada, yenye jina lake. Na mwaka 1959 hadi 1960 aliongoza msafara wa matrela 41 na watu 106, wengi wao wastaafu, kutoka Cape Town hadi Cairo. Ndiyo, kwa barabara. Walipita Kongo ya Wabelgiji, wakapita Kenya ilipokuwa bado koloni, wakapambana na milima ya Ethiopia, wakaonana na Haile Selassie mjini Addis Ababa, na mwishoni wakayapanga matrela kwa duara mbele ya mapiramidi ya Giza. Picha ipo, itafuteni. Byam alifariki mwaka 1962. Kiwanda cha Airstream mpaka leo kiko Jackson Center, palepale Ohio.

Ninachopenda katika safari ile, kuliko piramidi, ni hilo duara. Wanapofika mahali jioni wanapanga milango itazamane. Rali ya kina dada ilikuwa ya watu wa kawaida, matrela ya kila aina, mengi ya zamani, na uwanja haukuruhusu duara. Lakini milango ilitazamana, safu kwa safu. Kiti unakiweka nje ya mlango wako, na kiti kikiwa nje maana yake karibu. Kiti kikiwa kimekunjwa, niache nipumzike. Sijaona mfumo rahisi kuliko huo. Mtaani kwangu Dar jirani yangu ninamjua kwa honi ya gari lake tu, anapotaka geti lifunguliwe. Ukuta wake una chupa juu. Wangu pia, aliujenga mwenye nyumba.

Nisije nikawauzia pepo, lakini. Katika matrela thelathini na moja, weusi tulikuwa sisi peke yetu. Hilo nalo lina historia. Victor Hugo Green, mtu wa posta wa New York, alianza mwaka 1936 kutoa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi wapi wanaweza kulala na kula bila kufukuzwa. Katika hifadhi ya Shenandoah huko Virginia, kambi ya Lewis Mountain ilifunguliwa mwaka 1939 maalumu kwa weusi, na ubaguzi ndani ya hifadhi hiyo haukuisha kabisa mpaka 1950. Leo wapo Wamarekani weusi wenye matrela na wana chama chao, NAARVA, chenye rali zake. Lakini mtu wa miaka themanini aliyekaa kivulini Ohio alikuwa hai wakati mzee mwenzake mweusi anafukuzwa kambini. Safu mbili kutoka kwetu kulikuwa na trela lenye bendera ambayo dada aliitazama mara moja kisha hakuitazama tena. Mwenye trela lile hakuja kutusalimia. Kila asubuhi aliinua kidole kimoja kutoka kwenye kikombe cha kahawa, sisi tukainua mkono. Siku nne, ndiyo ilikuwa salamu yetu. Dada alisema, "Kazini nina wa namna hiyo watatu. Nawaogesha." Akaendelea kukatakata vitunguu.

Vitunguu vilikuwa vya pilau. Ijumaa jioni ni chakula cha pamoja, kila familia na chungu chake, meza ndefu chini ya banda ambalo Agosti hushindanishwa ng'ombe. Pilau ilikwisha kabla ya mwenyewe kula. Lakini dada alikuwa amepika kitu cha pili bila kuniambia, saladi ya viazi na haradali, jinsi bibi alivyomfundisha kwa kupiga kelele kutoka kwenye kiti. Akaiweka katikati ya meza. Nikaona watu wanapakua kidogo kidogo, wanaonja, wanatazamana. Mama wa ndala akasema, "Haradali imezidi." Mtu mwingine akasema, "Imezidi kabisa." Wakaanza kucheka, na wengine machozi yakawatoka. Kumbe saladi ya bibi ilikuwa inazidi haradali miaka yote kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia.

Baada ya hapo ndipo walipomketisha dada karibu na moto. Walitaka kujua. Si kwa umbea, walitaka kujua kama watu wa kwetu wanavyotaka kujua kwenye matanga: alianza kuumwa lini, alikuwa anakula, alisema nini, aliteseka? Dada akawaeleza yote, taratibu, kuanzia Ijumaa za kufungua madirisha hadi usiku ule wa Januari, theluji ikianguka, bibi akiuliza kama trela limefunikwa. Nao wakamrudishia: bibi akicheza dansi kwenye tope, bibi akimfukuza rakuni kwa ufagio saa tisa usiku akiwa na gauni la kulalia. Dada hakuwa amewahi kumwona bibi yule akisimama. Sasa alikuwa anamwona anakimbia.

Kanuni ya rali ni kimya saa nne usiku. Kuna baba mmoja kazi yake ni kupita na tochi kuwakumbusha watu. Alipita. Akasimama pembeni akasikiliza kidogo, akavuta kiti, akazima tochi. Nadhani tulitoka pale saa saba.

Nikiwa nimelala kwenye meza yangu nilikuwa nawaza mazishi ya dakika arobaini na watu kumi na moja. Hawa thelathini na kitu wangekuja. Wangeendesha usiku kucha wangekuja. Hawakujua. Walimjua bibi mpaka haradali yake, walijua swichi ya pampu yake ilipo, lakini hakuna aliyejua anuani ya nyumba yake, na kesho yake nilipouliza uliza kidogo, kazi ni kazi, niligundua wengi wao hawakulijua hata jina la ukoo wake. Watoto wa bibi nao hawakujua kama kuna watu wa kuwapigia. Kwao lile lilikuwa trela la mama tu. Urafiki wa uwanjani ulikuwa wa kweli kabisa, na uliishia getini. Nadhani ndiyo maana ulikuwa mwepesi kiasi kile. Hakuna mpaka wa kiwanja wa kugombania, hakuna anayemdai mwenzake, Jumapili kila mtu anafunga mlango na kuondoka na ukuta wake.

Jumamosi sina la kusema sana. Watoto walipotea asubuhi wakarudi jioni wakiwa na rangi ya vumbi, na kila mahali walikopita walilishwa. Mpwa wangu mdogo alifundishwa kuendesha baiskeli na mtu ambaye mama yake hakumwona mpaka somo lilipokwisha. Mchana upepo ulikuja ghafla, na nikaona watu wanakimbia kukunja maturubai ya vivuli ya majirani waliokuwa wamekwenda mjini, kabla ya kukunja ya kwao.

Jumapili asubuhi, wakati shemeji anachomoa umeme na kumwaga maji machafu, dada alichukua daftari la shule la mtoto, akaanza kupita trela hadi trela. Nikamfuata. Alikuwa anaandika majina. Jina kamili, mji, simu, na kisha swali ambalo lilikuwa linawashtua: "Na kwenu nyumbani apigiwe nani?" Wengine walicheka. Mama wa ndala aliandika la binti yake kwa herufi kubwa. Mzee wa kofia aliandika watu watatu, kisha akalichukua tena daftari akafuta mmoja. Yule wa bendera alikuwa ameshaondoka. Kufikia saa tano uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zina mistatili ya njano, na daftari lina familia ishirini na saba.

Novemba 2023 simu ilipigwa kwa dada kutoka kwa mtoto wa mzee wa kofia. Mzee alikuwa hospitali. Dada alipiga simu ishirini na sita kwa usiku mbili, kati ya zamu na zamu, shemeji akilalamika kwamba sasa wamefungua ofisi ya msiba na mtu hajafa. Hakufa. Alitoka Desemba, ila madaktari walimkataza kuendesha, na pikapu ikauzwa. Juni 2024 shemeji aliomba siku mbili za ziada kazini. Siku ya kwanza alikwenda hadi kwa mzee, maili tisini, akaunganisha trela lake na kulifikisha uwanjani, akaliegesha kwa rivasi mkewe mzee akiwa utingo. Kisha akarudi Columbus kulifuata la kwao.